Andrew Foster: Mwalimu kiziwi aliyezunguka Afrika akitafuta wenzake

Hebu fanya jambo moja kabla hatujaenda mbali. Simama mbele ya kioo, au washa kamera ya simu, kisha useme maneno haya matatu bila kutoa sauti: mama, baba, papa. Umeona? Midomo imefanya kitu kile kile mara tatu. Sasa fikiria mtu anakuletea habari kwamba mmoja wao amefika mlangoni, na wewe una macho tu ya kukusaidia. Utajuaje ni mamako, ni babako, ama ni samaki kaletwa kutoka Malindi?

Nimeanzia hapo kwa sababu wengi wetu hudhani kiziwi ni mtu wa kukutazama mdomo tu, akaelewa. Halafu tukiona hajashika tunapayuka, na ukipayuka mdomo unajipinda, hata kile kidogo alichokuwa anaona kinapotea. Na kuna wale wa kumwita mtu bubu. Hilo neno liache. Kiziwi ana lugha, tena lugha kamili yenye sarufi yake, ni vile tu haipiti kwa masikio.

Msee ninayetaka umjue leo anaitwa Andrew Foster. Ukimtaja kwa viziwi wa Accra au Ibadan, watakwambia habari zake kama vile sisi tunavyosimulia habari za wapigania uhuru. Kwa sisi wenye masikio, jina halisemi kitu. Nadhani hiyo peke yake inaonyesha vile tunaishi na viziwi mtaa mmoja na hatupigi stori nao.

Foster alizaliwa tarehe 27 Juni 1925 Ensley, katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Babake alikuwa mchimba makaa ya mawe. Ilikuwa Alabama ya ubaguzi wa rangi ulioandikwa kwenye sheria: shule za Wazungu mbali, za Weusi mbali. Alikuwa mtoto anayesikia na kuongea kama wewe. Mwaka 1936, akiwa na miaka 11, yeye na nduguye walishikwa na homa ya uti wa mgongo. Walipona wote wawili, lakini masikio hayakurudi.

Kupoteza kusikia ukiwa na miaka 11 si sawa na kuzaliwa hivyo. Mtoto wa miaka 11 tayari ana lugha kichwani. Anajua jina lake, anajua kusoma, anaweza bado kuongea kwa mdomo hata kama hajisikii mwenyewe. Aliyezaliwa kiziwi katika nyumba ambayo hakuna anayejua ishara anaanzia chini ya hapo. Atabuni ishara zake za nyumbani: kula, kulala, njoo, yule mbuzi. Atajua ugali uko tayari. Lakini anaweza kufika miaka 10 bila kujua kwamba yeye mwenyewe ana jina. Nyanya akifa, ataona tu haji tena, na hakuna wa kumwambia kwa nini. Weka hilo akilini, kwa sababu Foster alikuja kuwatafuta watoto wa aina hiyo kwa miaka 30.

Yeye na nduguye walipelekwa shule ya viziwi Weusi mjini Talladega. Mji huohuo ulikuwa na shule nyingine ya viziwi, ya Wazungu. Na hapa pana jambo ambalo lilinishangaza nilipolisoma. Mwaka 1880 walimu wa viziwi kutoka Ulaya na Marekani walikutana Milan, Italia, wakapitisha kwamba lugha ya ishara iondolewe madarasani, watoto wafundishwe kusema na kusoma midomo. Karibu waamuzi wote walikuwa watu wanaosikia. Shule nyingi zikafuata, na mtoto akionekana anatumia mikono anaadhibiwa. Lakini kufundisha kusema kunahitaji walimu wengi, vifaa na pesa, na shule za Weusi hazikupewa. Kwa hiyo kule zilikotupwa, ishara ziliendelea kutumika darasani bila kusumbuliwa sana. Watafiti wa baadaye wamekuta viziwi Weusi wa kusini wana mtindo wao wa ishara, wenye kutumia mikono miwili zaidi na nafasi kubwa zaidi mbele ya mwili. Ubaguzi uliwanyima vitabu, ukawaachia lugha.

Lugha hiyo hupokezanwa vipi? Hapa ndipo viziwi wanatofautiana na karibu kila jamii unayoijua. Wewe Kikamba au Kiluo chako ulikipata kwa mama. Watoto viziwi wengi sana huzaliwa na wazazi wanaosikia, kwa hiyo hawapati lugha nyumbani. Wanaipata bwenini. Mkubwa anamfundisha mdogo, usiku, chini ya taa, kwa sababu gizani hakuna mazungumzo. Ukizima taa ya bweni la viziwi umewafunga midomo wote kwa mara moja.

Shule ya Talladega haikuwa inawafikisha mbali watoto Weusi, ilikuwa ya msingi tu. Akiwa na miaka 17 Foster alihamia Flint, Michigan, kuishi na shangaziye. Ilikuwa wakati wa vita, viwanda vilitaka watu, akafanya kazi za mikono. Masomo aliyaendeleza kwa posta: vitabu vinakuja kwa bahasha, unajibu, unarudisha. Alipata cheti cha sekondari hivyo mwaka 1951, akiwa na miaka 26. Mimi niliyeacha chuo kabla ya kumaliza niliisoma sehemu hii mara mbili, halafu nikafunga kompyuta nikaenda kutembea.

Chuo alichokitaka kilikuwa kimoja. Gallaudet, mjini Washington, ndicho chuo cha viziwi kilichojulikana dunia nzima, na hati yake ya kutoa digrii ilitiwa saini na Abraham Lincoln mwenyewe mwaka 1864. Foster aliomba nafasi, akakataliwa. Akaomba tena, akakataliwa tena, kwa ajili ya rangi. Hebu fikiria: chuo kilichoanzishwa kwa watu ambao dunia imewafungia mlango, nacho kinafunga mlango. Mwaka 1951 kilimkubali, na kikamlipia. Mwaka 1954 akawa Mwafrika-Mmarekani wa kwanza kuhitimu digrii hapo. Baada ya hapo alienda kasi. Mwaka 1955 alichukua shahada ya uzamili ya elimu huko Michigan. Mwaka 1956 akaongeza digrii nyingine, ya kazi ya umisheni, mjini Seattle.

Ndio, alikuwa mhubiri. Singependa kulificha hilo ili akupendeze. Alikuwa amesikia habari za viziwi wa Afrika wasio na shule wala kanisa, na kwake vitu hivyo viwili havikutengana hadi siku ya mwisho. Mwaka huohuo wa 1956 alianzisha shirika la umisheni kwa viziwi wa Afrika, na mwaka 1957 akatua Accra. Ghana ilikuwa na miezi tu tangu ipate uhuru.

Inasimuliwa kwamba alipouliza kuhusu watoto viziwi, baadhi ya wamisheni walimwambia hapo hawapo. Walikuwapo, bana. Walikuwa ndani ya nyumba, kwa sababu wageni wakija mtoto kama huyo anawekwa chumba cha nyuma. Foster alikuwa na faida moja ambayo mmisheni anayesikia hakuwa nayo: kiziwi humtambua kiziwi. Macho yanavyokimbia, uso unavyoongea. Alitembea mitaani na sokoni akiwatafuta mmojammoja, akiongea na wazazi kwa karatasi na kwa sauti yake aliyobaki nayo tangu utotoni.

Darasa la kwanza halikuwa na jengo. Aliomba chumba katika shule ya kawaida, akawa anaingia na wanafunzi wake wale wengine wakishaenda nyumbani. Watoto walikuja, watu wazima pia.

Umewahi kuingia darasa la viziwi? Linapangwa tofauti. Madawati hayafuati mistari, yanazunguka kama mwezi mchanga, kwa sababu ukikaa nyuma ya mwenzako utaona kisogo chake tu na hutajua amesema nini. Mwalimu hawezi kuandika ubaoni huku anaeleza. Akiwageuzia mgongo amenyamaza. Asimame na dirisha nyuma yake, atakuwa kivuli cheusi. Kumwita mtu unampungia mkono pembeni ya macho, unamgusa bega, unapiga mguu sakafuni mtetemo umfikie, au unawasha na kuzima taa. Kumgusa bega si utovu wa adabu, ndiyo hodi yenyewe. Kitu cha utovu wa adabu ni kuangalia kando wakati mtu anaongea nawe, maana hapo ni kama umejiziba masikio. Na uso haukai tu hivi. Nyusi zikipanda au kushuka, sentensi ileile inageuka kuwa swali. Ukimtazama mtu anayetumia ishara na uso umekauka, ni kama kumsikiliza roboti.

Halafu kuna jina. Kiziwi hakuiti kwa herufi zako kila mara, ni kazi ndefu. Jamii yao inakupa ishara yako, mara nyingi kutokana na kitu walichokiona kwako: kovu, shimo la shavu, vile unavyochezea nywele. Huwezi kujipa mwenyewe. Kwa mtoto aliyetolewa chumba cha nyuma, siku anapewa ishara yake ndiyo siku anajua kuna jina linalomhusu.

Shule ya Accra ilikua, na mwaka 1959 makao yake yakahamia Mampong, kwenye vilima vya Akwapim. Na sasa tulia kidogo, kwa sababu si mbali na Mampong kuna kijiji kinaitwa Adamorobe. Kijijini humo uziwi unarithiwa katika koo, na kwa vizazi vingi kumekuwa na viziwi wengi kuliko kawaida. Watu walifanya nini? Walitengeneza lugha. Kijiji kizima kina lugha yake ya ishara, na wenye masikio wengi wanaijua pia, wanaitumia shambani, msibani, kwenye utani. Kiziwi wa Adamorobe hakuhitaji karatasi kuongea na jirani yake. Hakuna mmisheni aliyeileta. Ilikuwepo kabla Foster hajazaliwa.

Lakini ishara alizokuja nazo Foster zilikuwa za Marekani. Ndizo alizojifunza Talladega na Washington, na ndizo alizofundishia, pamoja na kusema, kuandika na herufi za vidole, yaani kila njia itakayomfikia mtoto. Shule ikawa na lugha, kijiji kikawa na nyingine. Watoto viziwi wa Adamorobe walipoanza kupelekwa Mampong kusoma, walirudi na ishara za shule, na leo lugha ya kijiji inahesabiwa miongoni mwa zile zilizo hatarini kupotea.

Kaskazini mwa Nigeria hadithi inafanana. Wahausa viziwi walikuwa na ishara zao za zamani, za mjini na sokoni. Foster alifika Nigeria mwaka 1960 na kufungua shule Ibadan, Enugu na Kaduna, na zote zilifundisha zile za Marekani. Ukikutana leo na kiziwi msomi wa Ghana na mwingine wa Nigeria wataelewana vizuri tu, kwa sababu mizizi ya ishara zao za shuleni ni mmoja. Faida ni hiyo. Hasara nimeshakwambia.

Nimesoma wanaomlaumu vikali, wakimweka fungu moja na wakoloni. Mimi naona hilo limepita kiasi. Kwenye chumba cha kuazima, na watoto ambao hawajawahi kuongea na mtu yeyote maishani mwao, unafundisha kwa lugha uliyo nayo. Angesubiri afanye utafiti wa ishara za Afrika, wale watoto wangezeeka wakisubiri. Lawama ninayoona inasimama ni ya baadaye, wakati shule zimeshapata nguvu na ishara za wenyeji bado hazikupewa hata kiti cha nyuma darasani.

Mwaka 1959 alienda mkutano wa viziwi wa dunia Wiesbaden, Ujerumani, akakutana na dada kiziwi Mjerumani, Berta Zuther. Usidhani lugha ya ishara ni moja duniani. Ya Ujerumani na ya Marekani ni tofauti kabisa, na ya Uingereza na ya Marekani hazielewani hata kama watu wa nchi hizo wanaandika Kiingereza kilekile. Ila viziwi wa nchi mbalimbali wakikutanishwa chumba kimoja, wanafika mahali pa kuelewana haraka kuliko wewe na Mjerumani mngefika kwa midomo. Wamezoea maisha yao yote kutafuta njia na mtu asiyejua lugha yao. Berta na Foster walioana mwaka 1961, wakapata watoto watano.

Kutoka hapo maisha yake yalikuwa barabarani. Kwa miaka mingi aligawanya mwaka: nusu Afrika kufungua shule, nusu Marekani akizunguka makanisani na kwenye vyama vya viziwi kuomba pesa. Berta alibaki na watoto na makaratasi ya ofisi huko Michigan. Vitabu vya kumsifu hupita hapo mbio, lakini kama wewe ni mtoto wa mtu ambaye kazi yake ni kusaidia watoto wa wengine, utaelewa bila mimi kuongeza. Alijifunza Kifaransa ili aingie nchi za Kifaransa. Togo, Benin, Kamerun, Chad, Gaboni, Burundi, na Zaire ya wakati ule. Ukihesabu zote ni shule zipatazo 32 katika nchi 13.

Mtu mmoja hawezi kufundisha shule 32. Alichofanya, na kwangu hiki ndicho kikubwa kuliko hesabu ya majengo, ni kuwafundisha viziwi wenyewe kuwa walimu. Ibadan ilikuwa kituo: vijana kutoka nchi mbalimbali walikuja kwa kozi, wakarudi kwao kufungua madarasa. Mtoto kiziwi anayekulia kati ya watu wanaosikia anaweza kudhani akikua masikio yatafunguka, au atakufa mdogo, kwa sababu hajawahi kuona kiziwi mtu mzima. Halafu siku moja anaingia darasani, mbele amesimama mtu mzima mwenye tai, na mtu huyo anaongea kwa mikono.

Gallaudet, kilekile kilichomkataa, kilimpa shahada ya heshima mwaka 1970. Mwaka 2004 kikaita ukumbi wake mmoja kwa jina lake.

Hiyo ya pili hakuiona. Tarehe 3 Desemba 1987 alikuwa kwenye ndege ndogo iliyoondoka Gisenyi, Rwanda, ikija huku kwetu Kenya. Ilianguka hukohuko Rwanda. Alikuwa na miaka 62.

Kenya ya mwaka huo ilikuwa na njia yake tofauti. Shule zetu za viziwi, kama za Mumias na Nyangoma, zilianza mapema miaka ya 1960, na mwanzoni zilifuata ule mtindo wa Milan: sema, soma midomo, mikono chini. Baadaye serikali ikakubali ishara, lakini ikachagua Kiingereza cha mikono, yaani neno kwa neno kufuata Kiingereza, mpaka vile viambishi vya mwisho. Darasani mwalimu alikuwa anaandika Kiingereza hewani. Bwenini, kama kawaida, watoto walikuwa na lugha yao. Imekopa herufi za vidole za Marekani, lakini ishara zake na mpangilio wake umeota hapahapa. Hiyo ya bwenini ndiyo Lugha ya Ishara ya Kenya. Miaka ileile Foster anakufa, viziwi wa hapa walikuwa wanaanza kujipanga na kuwa na chama chao cha kitaifa, na mwaka 2010 lugha hiyo iliingia kwenye Katiba. Kifungu cha 120 kinaifanya moja ya lugha tatu rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza.

Kwa karatasi, basi, mbunge kiziwi anahudumiwa. Kiziwi wa kawaida akienda kliniki leo, mara nyingi hakuna mkalimani. Ataandikiana na nesi kwenye kijikaratasi au kwenye simu: inauma wapi, tangu lini, dawa ngapi kwa siku. Na hiyo inawezekana tu kama alipelekwa shule mapema, akapata mwalimu wa kumfundisha kusoma kupitia mikono. Kama hakupelekwa, nesi anaandika, yeye anatingisha kichwa kwamba ameelewa, na anaenda nyumbani na pakiti ya vidonge ambayo hajui ni ya nini.